Kahawa, Chai na Wasiwasi: Panya wa Maabara Wanatufundisha Nini?



Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tuzungumzie kitu kinachotumika karibu katika kila nyumba, nacho ni kafeini. Kafeini ni kemikali iliyomo ndani ya kahawa, majani ya chai, kakao, soda za kola na vile vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo vijana wetu wanaviita "enaji". Imo pia katika baadhi ya vidonge vya maumivu ya kichwa vinavyouzwa madukani. Mkemia Mjerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, ndiye aliyeitenga kutoka katika buni mwaka 1819, lakini watu waliijua nguvu yake muda mrefu kabla ya hapo. Kule Kagera, kwa mfano, kahawa ya kutafuna ni heshima ya kumkaribishia mgeni tangu enzi za mababu.

Kafeini si sumu, wala kuinywa si dhambi. Hospitalini ni dawa pia. Watoto wanaozaliwa kabla ya wakati mara nyingine husahau kupumua, na wengi wao hupewa kafeini kwa kipimo maalumu ili ubongo wao uamke na pumzi irudi. Lakini kitu chenye nguvu ya kumwamsha mtoto apumue si kitu cha mchezo. Kipimo kikizidi, au kikimwangukia mtu asiyekiweza, kitu kilekile kinachochangamsha huleta hofu.

Ninaandika habari hii kwa sababu watu wengi hufika zahanati na hospitali wakisema: "Sista, moyo unanienda mbio. Mikono inatetemeka. Usingizi hauji. Nahisi kama kuna jambo baya litanipata." Wengine wameshapimwa malaria mara tatu na presha mara tano. Wengine wameshakwenda kwa waganga, wakauza mbuzi, na jirani asiye na hatia ametajwa kuwa ndiye mchawi. Ni mara chache mgonjwa wa namna hii anapoulizwa swali dogo: "Kwa siku unakunywa vikombe vingapi, na vya nini?"

JE, PANYA ANAWEZA KUWA NA WASIWASI?

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi wakitumia wanyama wadogo wa maabara, hasa panya. Hapo msomaji atauliza: panya hasemi, tutajuaje kwamba ana hofu?

Panya hasemi, lakini matendo yake yanasema. Kila mtu aliyewahi kufukuza panya jikoni anajua tabia yao: hutembea wakiambaa ukuta, hujificha gizani, na mahali peupe palipo wazi hawapapendi. Wakati huohuo panya ni mdadisi, anapenda kuchungulia kila mahali. Basi ndani yake kuna mvutano wa hamu ya kuchungulia na hofu ya kuonekana. Wataalamu hupima upande upi umeshinda.

Kifaa kimoja kinachotumika sana kina njia nne zilizokutana katikati kama msalaba. Njia mbili zinazoelekeana zina kuta pembeni. Mbili nyingine hazina ukuta wowote, ziko wazi kama daraja lisilo na kingo. Msalaba huo umeinuliwa juu ya sakafu kiasi cha nusu mita. Panya huwekwa katikati, na kwa dakika 5 mtaalamu huhesabu ameingia mara ngapi katika kila njia, na amekaa muda gani. Panya mwenye hofu hujibana penye kuta. Panya aliyetulia huthubutu kutoka na kuchungulia penye uwazi.

Mwaka 1985 Sharon Pellow, Sandra File na wenzao walichapisha kazi yao ya kuthibitisha kwamba kifaa hicho kweli kinapima hofu. Kwanza, panya waliofungiwa kwenye njia za wazi walikuwa na kiasi kikubwa zaidi katika damu cha homoni ya mfadhaiko kuliko wale waliofungiwa penye kuta. Pili, panya waliopewa diazepamu, dawa ya kutuliza ambayo hospitalini tunaitumia pia kukomesha degedege, walitoka zaidi kwenye uwazi. Tatu, panya waliopewa kafeini walifanya kinyume chake: waliukimbia uwazi na kujificha kwenye kuta.

Angalieni jambo moja hapa. Kafeini humfanya panya akimbie-kimbie, na mtu angeweza kudhani kuwa amekuwa jasiri. Ndiyo sababu wataalamu hawahesabu tu mara alizokimbia. Wanatazama ni sehemu gani ya safari zake zote ilikwenda mahali pa wazi. Hivyo mnyama anaweza kuwa mchangamfu wa miguu na hapohapo awe mwoga wa moyo. Nadhani wengi wetu tunamjua mtu wa namna hiyo.

Yapo majaribio mengine. Panya wawili wasiojuana wakiwekwa pamoja, kwa kawaida hunusana na kufuatana ili wafahamiane. Wakipewa kafeini kwa kipimo kikubwa, hujitenga na kupunguza kusalimiana. Hata samaki wadogo wenye milia wanaofugwa katika maabara wamechunguzwa. Samaki huyo akihamishiwa chombo kigeni huzama chini kwanza, kisha akizoea hupanda juu kutembea. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba akiwekewa kafeini kwenye maji huchelewa kupanda, hubaki chini kama mtu aliyejifungia ndani.

UFUNGUO USIOGEUKA

Kwa nini hali iwe hivyo? Ndani ya ubongo wa panya, na ndani ya ubongo wako na wangu, kuna kemikali inayoitwa adenosini. Kadiri tunavyokaa macho na kufanya kazi, ndivyo adenosini inavyoongezeka. Kazi yake ni kuzituliza seli za ubongo. Hufanya hivyo kwa kuingia katika sehemu maalumu zilizoko kwenye seli, kama ufunguo unavyoingia katika kitasa. Ufunguo ukigeuka, seli hutulia, na mtu husikia uchovu na usingizi.

Kafeini ina umbo linalofanana na adenosini. Huingia katika kitasa kilekile, ila ni ufunguo usiogeuka. Haifungui wala haifungi, imeziba tu, na ufunguo wenyewe ukija haupati nafasi. Kwa hiyo kafeini haikupi nguvu mpya. Inazuia habari za uchovu zisifike. Uchovu wenyewe upo palepale, unangoja kama mwenye deni aliyekaa mlangoni.

Pamoja na hayo, mwili huongeza adrenalini, ile homoni inayotoka mtu anapokutana na nyoka njiani. Moyo hudunda, mikono hutetemeka, tumbo huvurugika, jasho hutoka. Sasa mtu ameketi nyumbani kwake, hakuna nyoka, lakini mwili wote unapiga kelele ya hatari. Akili inaanza kutafuta hatari iko wapi, na akili inayotafuta hatari haikosi kuiona: kwa jirani, kwa mke, kwa mtihani, kwa ndoto ya jana usiku.

MBONA MWENZANGU ANAKUNYWA NA KULALA?

Swali hili huulizwa sana, na wanyama wa maabara wamesaidia kulijibu. Mwaka 1997 watafiti wakiongozwa na Catherine Ledent, huko Brussels nchini Ubelgiji, walichapisha habari za panya wadogo waliozaliwa bila aina moja ya vile vitasa vya adenosini. Panya hao walikuwa waoga kuliko wenzao, madume yao yalikuwa wagomvi, na shinikizo lao la damu lilikuwa juu. Hapo ilionekana wazi kwamba kitasa hicho ni mlinzi wa utulivu.

Baadaye, mwaka 2003, watafiti wa Chicago waliwapa watu wasiozoea kafeini miligramu 150 kila mmoja. Baadhi walipata wasiwasi, wengine hawakupata. Ilionekana kwamba tofauti hiyo ilihusiana na tofauti ndogo za kurithi katika kitasa hichohicho kilichokosekana kwa panya wa Brussels. Kwa hiyo mume anayekunywa vikombe vinne na kukoroma asimcheke mkewe ambaye kikombe kimoja kinamkosesha usingizi. Si uoga, wala si kujidekeza. Ndivyo alivyozaliwa.

Wenye ugonjwa wa mashambulio ya hofu ya ghafla ndio wanaoumia zaidi. Mwaka 2022 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya majaribio mbalimbali yaliyofanywa kwa wagonjwa hao. Walipopewa kafeini nyingi kwa mara moja, miligramu 400 hadi 750, karibu nusu yao walipatwa na shambulio. Walipopewa kitu kisicho na kafeini, hakuna aliyepatwa.

Jambo jingine ni mazoea. Mnyama anayepewa kafeini kila siku huizoea, na woga ule wa mwanzo hupungua. Binadamu naye ni hivyo. Lakini mazoea yana bei yake. Anayeiacha ghafla huumwa kichwa, hukasirika upesi, husinzia na kukosa raha. Maumivu hayo huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, na yanaweza kudumu hadi siku 9. Waamini wanaoahidi kuacha kahawa Jumatano ya Majivu wanaijua vizuri Alhamisi inayofuata! Si shetani anayepinga mfungo wako. Ni mwili unaodai kile ulichouzoesha.

VIJANA WETU NA MITIHANI

Hapa ndipo ninapoomba wazazi wasome polepole.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walichapisha jaribio walilofanya kwa panya wa umri wa ujana. Waliwawekea kafeini katika maji ya kunywa kwa siku 28, kisha wakaiondoa. Panya hao walipofikia utu uzima walionyesha woga zaidi kuliko wenzao waliokunywa maji matupu. Lakini panya walioanza kunywa kafeini wakiwa tayari wakubwa hawakupata madhara hayo. Kumbe wakati ule ubongo unapokuwa bado unajengwa, kafeini inaweza kuacha alama ambayo haiondoki siku ya kuacha kunywa.

Panya si mtoto wa binadamu, na jaribio moja si amri. Lakini tazameni mazingira yetu. Zamani kijana alikunywa chai ya maziwa asubuhi, basi. Leo vinywaji vya kuongeza nguvu vinauzwa kwenye vibanda, kituo cha basi, mpaka mlangoni mwa shule. Mitihani ya kidato cha nne inapokaribia, wanafunzi wanakunywa ili wakeshe wakisoma. Usiku wa kwanza anaona amefaulu. Usiku wa tatu kichwa ni kizito, moyo unadunda, alichokisoma hakikumbuki. Anaongeza kopo jingine. Mwishowe anaingia chumba cha mtihani akitetemeka, au anaanguka shuleni akilia, na walimu na wenzake wanasema ni mapepo. Mara nyingi mapepo hayo ni usiku nne bila usingizi, pamoja na hofu ya mtihani na makopo matupu chini ya kitanda. Usingizi ndio unaopanga masomo kichwani. Anayeuuza usingizi anauza na masomo yenyewe.

Tufanye hesabu kidogo. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitoa vipimo hivi:

- Mtu mzima mwenye afya: isizidi miligramu 400 kwa siku, na isizidi 200 kwa mara moja.
- Mama mjamzito au anayenyonyesha: isizidi miligramu 200 kwa siku.
- Watoto na vijana: miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku.

Kikombe cha kahawa huwa na miligramu kama 80 hadi 100, kikombe cha chai 30 hadi 50, soda ya kola ya mililita 330 kama 35. Kinywaji cha kuongeza nguvu cha mililita 250 huwa na miligramu kama 80, na cha mililita 500 kama 160. Mtoto wa kilo 20 kipimo chake ni miligramu 60. Kopo dogo moja tayari limemzidi. Kijana wa kilo 50 kipimo chake ni 150, na kopo kubwa moja limemzidi naye. Tena kumbukeni kwamba kahawa ya robusta, kama ile inayolimwa Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro.

JE, NI HALALI KUWATUMIA WANYAMA HIVI?

Baadhi ya waamini hujiuliza swali hili, nalo ni zuri. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2417 na 2418, inafundisha kwamba majaribio ya kitabibu kwa wanyama yanakubalika kimaadili yakiwa katika mipaka ya akili na yakisaidia kutunza au kuokoa maisha ya binadamu. Inafundisha pia kwamba kuwatesa wanyama bila sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu mwenyewe. Basi kama viumbe hawa wadogo wamepata hofu ili sisi tujue, tusiudharau ujuzi huo.

Tusiuzidishe pia. Vipimo wanavyopewa panya mara nyingi ni vikubwa ukilinganisha na uzito wao, na panya huisafisha kafeini mwilini upesi kuliko sisi. Kwa mtu mzima nusu ya kafeini aliyokunywa hubaki mwilini baada ya saa 5 hivi. Kwa mama aliye katika miezi ya mwisho ya mimba hukaa muda mrefu zaidi sana, na kwa mtoto mchanga nusu yake inaweza kuchukua siku 3 hadi 4 kutoka. Kahawa ya saa kumi jioni bado imo kichwani saa tatu usiku wakati wa sala ya familia.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

1. Hesabu. Kwa muda wa wiki moja andika kila kikombe cha chai, kahawa, soda ya kola na kila kopo, pamoja na saa uliyokunywa. Andika pia siku ulizopata wasiwasi au kukosa usingizi. Daftari hilo litakuambia mengi bila kulipia dawa.

2. Punguza polepole. Ondoa kikombe kimoja kila baada ya siku mbili au tatu, au punguza ukali wa majani. Usiache ghafla ukajipatia maumivu ya kichwa bure.

3. Weka mwisho wa siku. Baada ya saa nane mchana, kunywa maji, uji, maziwa au chai ya mchaichai au tangawizi isiyo na majani ya chai.

4. Soma maandishi kwenye kopo na kwenye paketi ya vidonge. Mtu anaweza kuacha kahawa na bado akameza kafeini katika vidonge vya kichwa kila siku.

5. Watoto wasipewe vinywaji vya kuongeza nguvu kabisa. Wala visigawiwe kwenye sherehe za Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, kama inavyoanza kuonekana. Wazazi na wasimamizi, juisi ya matunda inatosha na inajenga mwili.

6. Akina mama wajawazito wamweleze muuguzi wa kliniki wanakunywa nini. Tusione haya kuuliza wala kuulizwa.

7. Usijinunulie diazepamu au dawa nyingine ya kutuliza ili kupigana na kahawa. Hiyo ni kufukuza panya kwa kuichoma nyumba.

LINI UJE HOSPITALI?

Si kila moyo unaodunda ni kahawa. Upungufu wa damu, homa, ugonjwa wa tezi ya shingo na ugonjwa wa moyo huleta dalili zinazofanana. Njoo upesi ukiwa na maumivu ya kifua, ukizirai, ukikosa pumzi, au moyo ukienda mbio bila kutulia. Njoo pia kama umepunguza kafeini kwa wiki mbili na hofu bado ipo, au inakuzuia kufanya kazi, kula na kulala. Wasiwasi ni ugonjwa unaotibika, sawa na ugonjwa mwingine wowote, na kuupata si ukosefu wa imani. Na kama kuna mtu anayesema heri afe, asiachwe peke yake hata saa moja. Aletwe siku hiyohiyo.

Kanisa linatufundisha fadhila ya kiasi, na wengi tunaikumbuka tu tunapozungumzia pombe. Kiasi kinahusu pia birika lililo mezani. Kabla ya kumshuku jirani, kabla ya kumpeleka mtoto kwa mganga, anza na swali lile dogo: vikombe vingapi, na vya nini?

Nawatakia afya njema ya mwili na roho. Tuombeane, na tuonane tena mwezi ujao katika ukurasa huu.